Mashine ya mkulima inahitaji daftari moja la vipimo

MASHINE ya kusaga ikisimama katikati ya msimu, mwenyewe hatafuti maelezo, anatafuta spea. Hupanda daladala na shafti iliyokatika mkononi, akaenda kwa fundi wa pili kwa sababu yule aliyeitengeneza mashine amejaa kazi. Fundi huyo hupima kwa futikamba, hukereza shafti mpya, hulipwa, na mambo huonekana yamekwisha. Shafti inapofika shamba ndipo inapokataa kuingia kwenye beringi. Ile ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 25. Hii mpya ni ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Tofauti haifiki hata nusu milimita, lakini inatosha kuifunga biashara kwa siku kadhaa.

Lawama za kisa kama hicho humwangukia fundi wa pili. Hata hivyo, kosa si lake peke yake. Yeye alipewa kipande, hakupewa kipimo. Aliyeitengeneza mashine hakuacha maandishi yoyote ya kuonyesha kwamba shafti, beringi, nyumba ya beringi na puli vyote vinategemea namba moja. Namba hiyo ilikuwa kichwani mwake, na kichwa cha fundi hakiuzwi pamoja na mashine.

Wakati umefika kwa karakana za Unguja, na hasa kwa wateja wao ambao ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, kukubaliana juu ya jambo moja jepesi kulitaja: kila mashine iwe na orodha moja ya vipimo vikuu, na vipande vyote vichukue vipimo vyao humo. Gharama yake ni ndogo, na hasara ya kutokuwa nayo hulipwa kila msimu.

Vipande vingi, namba chache

Chukua mfano wa kinu cha nyundo, mashine inayoweza kusaga mahindi, viungo vikavu na hata mwani mkavu. Mwani unalimwa kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, tangu mwaka 1989, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Wanaousaga na kuutengenezea sabuni hupata bei iliyo bora kuliko kuuza mwani mkavu kwenye magunia. Kwa mama huyo mashine ndiyo biashara yenyewe.

Kinu hicho kina vipande vingi: shafti, nyundo, chekeche, bodi, beringi mbili, puli mbili, mkanda, fremu na bolti. Ukivitazama kimoja kimoja utadhani kila kipande kina vipimo vyake. Ukivitazama kwa pamoja utaona kwamba namba zinazotawala ni chache sana.

Ya kwanza ni kipenyo cha shafti. Kikiwa milimita 25, basi beringi inayoingia ni ile ya namba 6205, inayopatikana katika maduka mengi ya spea. Beringi hiyo ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15. Kwa hiyo nyumba ya beringi lazima itobolewe milimita 52, na puli itobolewe milimita 25. Namba moja imeshaamua vipande vinne.

Ya pili ni duara linalochorwa na ncha za nyundo zikizunguka. Likiwa na kipenyo cha milimita 300, na fundi akataka nafasi ya milimita 8 kati ya ncha na chekeche kila upande, basi chekeche liwe na kipenyo cha ndani cha milimita 316. Fundi mwingine akija kubadilisha nyundo zilizokwisha, akaziongeza milimita 10 kila moja ili zidumu, duara linakuwa milimita 320. Nyundo zitaligonga chekeche siku hiyo hiyo. Fundi huyo hakukosea kutengeneza nyundo. Alichokosa ni kujua kwamba urefu wa nyundo na upana wa chekeche ni jambo moja lenye sura mbili.

Ya tatu ni puli, na hapa panahusu uhai wa mtu. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika ikiwa na puli ya milimita 200, na shafti ya kinu ikiwa na puli ya milimita 100, kinu huzunguka mara 2,900 kwa dakika. Tuseme puli ya mota imevunjika na dukani imebaki ya milimita 250 tu. Ikifungwa hiyo, kinu kitazunguka mara 3,625. Mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu inayozivuta nyundo nje huongezeka kwa mraba wa mwendo, yaani zaidi ya nusu ya ilivyokuwa. Pini iliyohimili nguvu ya mwanzo huenda isihimili ya pili, na nyundo ikichomoka haichagui wa kumpiga. Juu ya hapo, ikiwa kati ya shafti mbili hizo pana milimita 500, mkanda wa milimita 1,476 uliokuwa ukitosha hautatosha tena. Utahitajika wa milimita 1,561 hivi.

Mwenye mashine alidhani amebadilisha puli, kumbe amebadilisha mwendo, mkanda, kinga ya mkanda na usalama wa mwanawe anayemwaga mwani kwenye kinu.

Jambo hili si geni pwani

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wahandisi wa Ulaya. Sivyo. Fundi wa jahazi huanza na mkuku. Urefu wa mkuku ukishaamuliwa, upana wa chombo na kimo chake hufuata kwa uwiano ambao fundi ameurithi, wala hahitaji karatasi. Fundi wa milango ya Mji Mkongwe naye huanza na upana wa uwazi wa ukuta. Humo hupata fremu, mbao mbili za mlango na mfaa unaosimama katikati. Akibadilisha upana, vyote hubadilika pamoja. Hakuna fundi wa mlango anayepima ubao wa kulia leo na wa kushoto wiki ijayo bila kuurejea uwazi.

Kinachotofautisha jahazi na kinu ni kwamba jahazi hujengwa na kundi moja, mahali pamoja, chini ya jicho la fundi mkuu. Kinu cha leo hukerezwa shafti katika karakana moja, huchomelewa fremu katika nyingine, hununuliwa beringi dukani, na miaka miwili baadaye hutengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona aliyekibuni. Kipimo cha kichwani hakiwezi kusafiri njia yote hiyo. Lazima kiandikwe.

Wafanyabiashara wanalijua hili vizuri zaidi kuliko mafundi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muuza duka hawezi kuandika deni la mteja katika madaftari matatu, kila moja na kiasi chake, kisha akategemea kulipwa. Vipimo vya mashine ni vivyo hivyo. Kipimo kimoja kikiandikwa mahali pawili, ipo siku sehemu moja itasahihishwa na nyingine itasahauliwa, na hapo fundi atafuata ile isiyo sahihi.

Kompyuta imerahisisha kazi

Uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta, ambao mafundi huuita kwa kifupi CAD, umelichukua wazo hilo la fundi wa jahazi na kuliwekea mashine. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, ambayo mchoro wake ulitii masharti aliyowekewa na mchoraji. Mwaka 1988 kampuni ya PTC iliingiza sokoni Pro/ENGINEER, programu ambayo mchoro wake uliendeshwa na vipimo: badilisha namba, na umbo linajichora upya. Mteja wake wa kwanza alikuwa John Deere, mtengenezaji wa matrekta. Kwa maneno mengine, zana za kilimo zilikuwemo katika habari hii tangu mwanzo.

Leo hailazimu mtu kununua programu ya bei kubwa. FreeCAD, iliyoanza kutolewa mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 Novemba 2024, hupatikana bure. Ndani yake mna jedwali kama la mahesabu ya duka. Fundi huandika humo majina na namba: kipenyo cha shafti, 25, duara la nyundo, 300, nafasi ya chekeche, 8. Wahandisi huziita namba hizo parameta. Kwa fundi, jina la vipimo mama linatosha. Kisha anapochora shafti haandiki 25, huandika jina. Anapochora puli huandika jina lile lile. Kwenye chekeche huandika duara la nyundo kujumlisha nafasi mara mbili. Siku mteja akitaka kinu kikubwa zaidi, fundi hubadilisha namba moja katika jedwali, na vipande vyote vinavyoitegemea hubadilika.

Hapa ndipo wachoraji wengi vijana hukosea njia. Programu hizi huruhusu pia kipande kimoja kuchukua kipimo moja kwa moja kutoka kipande cha jirani: puli imtazame shafti, kinga imtazame puli, fremu imtazame kinga. Ni rahisi, na kwa siku ya kwanza hufanya kazi vizuri. Baada ya mwezi, mtu akifuta puli na kuweka nyingine, kinga na fremu hubaki bila wa kumtazama, na mchoro wote huanguka. Mbaya zaidi, fremu inaweza kumtazama kinga naye kinga akamtazama fremu, na kompyuta ikashindwa kujua nani aanze. Ni kama familia ambayo kila mmoja anamwuliza mwenzake chakula kimewekwa wapi, na hakuna aliyekwenda jikoni kutazama.

Njia bora ni vipande vyote vitazame juu, kwenye orodha moja, na visitazamane vyenyewe kwa vyenyewe. Orodha hiyo isiwe ndefu. Kinachoingia humo ni kile tu kinachogusa vipande viwili au zaidi. Mviringo wa pembe ya kifuniko au unene wa rangi haviwahusu majirani, vibaki ndani ya kipande chake. Orodha ikijazwa kila kitu, hakuna atakayejua namba ipi ni ya hatari kuigusa.

Na si kila namba ina uhuru sawa. Beringi na mkanda hutoka kiwandani. Hakuna fundi wa Unguja anayeweza kuiamuru beringi ya 6205 iwe na tundu la milimita 26. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kuanza na kile kinachopatikana madukani Darajani na Mwanakwerekwe, kisha shafti ikifuate. Anayeanza na shafti aliyoiokota kwenye vyuma chakavu atahangaika na beringi maisha yake yote.

Wakubwa nao waliumia

Mtu asidhani kwamba karakana kubwa hazina tatizo hili. Mwaka 2006 Airbus ilitangaza ucheleweshaji mkubwa wa ndege yake ya A380. Nyaya zilizoandaliwa Hamburg, Ujerumani, zilionekana kuwa fupi zilipofika kufungwa Toulouse, Ufaransa. Wachoraji wa Hamburg walikuwa wakitumia toleo la zamani la programu ya CATIA, wenzao wa Toulouse toleo jipya, na mabadiliko ya upande mmoja hayakufika sawasawa upande wa pili. Ucheleweshaji huo uliigharimu kampuni mabilioni ya euro.

Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1999, chombo cha Marekani kilichopelekwa kwenye sayari ya Mars kilipotea kwa sababu kundi moja lilihesabu nguvu kwa paundi na jingine kwa nyutoni. Ni mgongano ule ule wa inchi na milimita, ila huu ulitokea angani. Kama wataalamu wa namna hiyo walipotezana kwa kukosa daftari moja, fundi mwenye futikamba ya sura mbili hana sababu ya kujiamini kupita kiasi.

Afrika Mashariki pia ina mfano mzuri. Mwaka 1985, hapa Tanzania, Carl Bielenberg alibuni mashine ndogo ya mkono ya kukamulia mafuta ya alizeti kwa pistoni. Wazo lilikuwa jepesi na karakana nyingi ziliweza kuliiga. Ugumu wake ulikuwa katika nafasi ndogo baina ya pistoni na silinda: ikizidi, mbegu hurudi nyuma, ikipungua, pistoni hukwama. Shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Kenya mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon na ambalo sasa huitwa KickStart, lilipoendeleza mashine za aina hiyo na baadaye pampu za miguu za umwagiliaji, halikuishia kuwapa watengenezaji michoro. Liliwapa pia violezo vya chuma vya kukatia na kuchomelea, ili vipande vya mashine moja viingie katika nyingine. Kiolezo ni orodha ya vipimo iliyogeuzwa kuwa chuma. Hata asiyejua kusoma mchoro hawezi kukosea akikifuata.

Pingamizi za mafundi

Mafundi wana hoja zao, na haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba mteja anataka bei ndogo, na kuandika vipimo ni kupoteza muda usiolipwa. Hoja hii ina ukweli kwa mashine ya kwanza. Kwa mashine ya tano haina ukweli tena, kwa kuwa fundi mwenye orodha hapimi upya, anakata tu.

Ya pili ni hofu ya kuibiwa. Fundi akimpa mteja vipimo, mteja atavipeleka kwa mshindani. Lakini mshindani mwenye kalipa atavipima vipimo hivyo asubuhi moja kutoka kwenye mashine yenyewe. Siri ya kweli ya fundi iko katika uchaguzi wa chuma, uchomeleaji na uaminifu wa tarehe, na hayo hayaandikwi kwenye orodha. Fundi anayeficha kipenyo cha shafti anamwumiza mteja wake zaidi kuliko mshindani wake.

Ya tatu ndiyo nzito: orodha moja inaweza kueneza kosa moja. Fundi akiandika 35 badala ya 25, vipande vyote vitakosewa kwa pamoja. Ni kweli. Ndiyo maana orodha lazima iwe na mwenyewe, mtu mmoja mwenye ruhusa ya kubadilisha, na kila badiliko liandikwe tarehe na namba ya toleo. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tena mashine iliyokwisha kuuzwa isifuate orodha mpya. Kinu cha toleo la 2 kitengenezewe spea za toleo la 2, hata kama karakana imeshafika toleo la 5. Jambo hili likisahauliwa, orodha iliyokusudiwa kuokoa itakuwa chanzo cha hasara. Kosa lililo katika orodha, hata hivyo, lina nafuu moja: hurekebishwa mahali pamoja. Kosa lililotapakaa katika vichwa vya mafundi sita halirekebishwi popote.

Mbweni inaweza kuanza

Mbweni ndiko iliko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, KIST, inayowafundisha vijana wa Zanzibar uhandisi wa mitambo, umeme na ujenzi. Mwendo wa daladala kutoka hapo hadi karakana za mjini si mrefu. Lakini kazi ya mwanafunzi wa ufundi popote ni rahisi kuishia kwenye faili la mtihani, ilhali fundi wa mtaani anaendelea kupima kwa macho.

Ingefaa kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa mitambo iwe kwenda karakana moja, kuchagua mashine moja inayouzwa kwa wakulima, kuipima na kuiandikia orodha ya vipimo mama pamoja na michoro inayoitegemea. Mashine ziko: kinu cha mwani na viungo, mashine ya kukamua miwa, mashine ya kukunia nazi, ya kupura mpunga wa bonde la Cheju. Nakala moja ibaki karakana, nyingine ibaki taasisini. Kazi ya namna hii haihitaji mfadhili wala jengo jipya. Inahitaji mwanafunzi, kalipa, kompyuta moja na fundi aliye tayari kufungua mlango. Mwanafunzi atajifunza kwamba chuma hakifuati mchoro kirahisi, na fundi atapata daftari ambalo hakuwa na muda wa kuliandika.

Wakati hayo yanasubiriwa, nguvu kubwa iko kwa mnunuzi. Mkulima au kikundi kinachotoa fedha zake, mara nyingi za mkopo, kiombe mambo matatu kabla ya kulipa malipo ya mwisho. Kwanza, karatasi moja yenye kipenyo cha shafti, namba za beringi, vipenyo vya puli, aina na urefu wa mkanda, na mwendo wa juu unaoruhusiwa. Pili, kibati kilichogongwa kwenye fremu chenye jina la karakana, mwaka na namba ya toleo. Tatu, vipimo vyote viwe vya milimita, visichanganywe na inchi, na palipo lazima kutumia inchi paandikwe wazi.

Karatasi hiyo itiwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuhifadhiwa pamoja na hati za mkopo. Siku shafti itakapokatika, mwenye mashine hatalazimika kubeba chuma mkononi akitafuta wa kukibahatisha. Atakwenda na namba, na fundi yeyote mwenye kerezo atajua la kufanya.